Kisahani Kipya Kati ya Vichuguu vya Kamina

Mgeni akishuka kwenye treni hapa Kamina, swali lake halikawii: kwenu kuna nini cha kuona? Maziwa ya Upemba yako mbali na sisi, na Lualaba inapita Bukama. Sisi tuna njia panda ya reli. Njia ya kutoka Bukama hadi Ilebo ilimalizika mwaka 1928, ile ya Kabalo ikaungana na ya kwetu mwaka 1956, na tangu hapo mtu wa Lubumbashi anayekwenda Kananga na mwenzake anayekwenda Kalemie wanaagana hapa. Tangu 2015 mji wetu ni makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, na ofisi zimeongezeka. Mgeni huona hayo yote kwa nusu saa, kisha anauliza tena.

Mimi nawapeleka kwenye vichuguu.

Katanga nzima inajulikana kwa vichuguu vyake, na vya upande wetu vingine vinapita paa la nyumba kwa urefu. Mchwa walianza kuvijenga kabla kambo zetu hawajazaliwa. Juu yake huota miti ambayo chini kwenye udongo wa kawaida haipendi kuota, na udongo wake wenyewe ni mfinyanzi mzuri: tunaufyatua matofali, na wamama wenye mimba wanajua ladha yake, hata kama mbele ya mwuguzi wanakataa. Nyuma ya nyumba za mwisho za mtaa wetu, kati ya reli na mashamba ya mihogo, kuna uwanja mpana wenye vichuguu saba, miti ya mupundu, miembe michache ya zamani na njia za miguu zinazokatana. Hapo ndipo wamama wa chama chetu wanapocheza gofu ya visahani kila Jumamosi, baada ya kugawa pesa za likelemba.

Najua wengi mmesikia habari hiyo na mmecheka. Watoto wa mtaa walicheka kwanza: "Ba mama bale banatupa sahani!" Basi nieleze ilivyokuja.

Mwaka jana mwuguzi wetu alipima presha ya wanachama wote, na zaidi ya nusu akawaambia watembee. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa juma za mwendo unaomfanya apumue kwa nguvu kidogo. Tuliondoka pale tumekubali, na hakuna aliyetembea. Sababu mnaijua. Mwanamke akitembea Kamina na beseni kichwani, anakwenda sokoni. Akiwa na jembe, anakwenda shambani. Akitembea mikono mitupu, watu wanamuuliza msiba uko wapi. Nzango tunaipenda, na tuliiruka sana tukiwa wasichana, lakini magoti ya mtu wa miaka hamsini na mitano yana maoni yao.

Mdogo wangu anaishi Turku, nchi ya Finland. Huko, anasema, viwanja vya mchezo huu ni mamia kwa mamia, vingi viko ndani ya misitu, na kwa kawaida hulipi kuingia. Familia zinacheza baada ya kazi, mtoto ndani ya kigari, kambo akifuata nyuma na fimbo yake. Unasimama mahali pa kuanzia, unatupa kisahani kuelekea shabaha, unatembea mpaka kilipoanguka, unatupa tena kutoka hapo, hadi ukipige pale panapotakiwa. Mwenye kutupa mara chache ndiye mshindi. Anayebaki mbali zaidi na shabaha ndiye anayetupa kwanza, na wengine hawapiti mbele yake, maana kisahani kikikupata kwenye jino utakumbuka.

Alipokuja kututembelea alituletea kisahani cha kwanza, kile chepesi cha kuchezea watoto ufukweni. Tulicheza nacho miezi mingi. Upepo wa kiangazi ulikuwa unakichukua kama jani. Ukikitupa kuelekea mwembe, kinapanda, kinasimama hewani, kinarudi nyuma yako. Mama mmoja alisema kina tabia ya mkopaji: unakiona kikija, kisha hukioni. Mwezi wa tano akatutumia kingine kupitia kwa mtu aliyekuwa anakuja Lubumbashi, kikapanda treni kupitia Likasi, Tenke na Bukama, kikatufikia kimefungwa ndani ya kikwembe.

Kisahani hiki kipya kinaitwa Buzzz, cha kampuni ya Discraft ya Marekani, nacho kilianza kuuzwa mwaka 2003. Ni cha masafa ya kati. Visahani vya mchezo huu viko vya aina tatu kubwa. Vya masafa marefu vina ukingo mpana na mwembamba kama kisu. Vinataka mkono wenye kasi, na mtu asiye na kasi hiyo akivitupa vinapinda kushoto na kuanguka upesi, hata akikasirika. Vya kumalizia vina ukingo butu na mwendo wa polepole, vya kutupa kwa hatua chache. Cha kati ni katikati ya hivyo viwili. Kwa anayeanza, wanaojua mchezo humwambia aache vya masafa marefu kwanza, nami nawaunga mkono kabisa. Ukiwa na cha kati kimoja tu unaweza kucheza kiwanja kizima, na sisi tunacho kimoja tu.

Upana wake ni sentimita 21 na ushee, na chetu kina gramu 176. Shirika la kimataifa la mchezo huu haliruhusu kisahani kuzidi gramu 8.3 kwa kila sentimita ya upana wake, kwa hiyo ukubwa huu hauwezi kupita gramu 180 hivi. Juu yake kuna namba nne: 5, 4, -1, 1. Ya kwanza ni kasi kinayoitaka. Ya pili ni uwezo wa kuelea. Ya tatu inaonyesha kinavyoelekea kulia mwanzoni, na ya nne kinavyorudi kushoto mwishoni, ikiwa anayetupa anatumia mkono wa kuume na mgongo wa mkono ukitangulia. Namba hizi mbili za mwisho zikiwa ndogo, maana yake kisahani kinakwenda karibu moja kwa moja.

Tulikijaribu Jumamosi tatu mfululizo. Siku ya kwanza hapakuwa na upepo. Mtu mmoja alisimama kwenye mwembe wa kwanza, wengine tukatupa kwa zamu tukihesabu hatua. Kisahani cha zamani mkononi mwangu kilikuwa kinafika hatua ishirini. Kipya kilifika hatua arobaini na mbili, na sikuongeza nguvu yoyote. Uzito ndio unaokibeba. Kilipita kati ya vichuguu viwili bila kugusa kimoja, kikashuka taratibu, kikalala. Tulinyamaza kidogo, kisha kila mtu akataka zamu yake.

Nguvu ya mkono siyo siri yake. Siri ni kuzungusha. Vuta kisahani kikiwa karibu na kifua, kama unavyovuta kamba ya kuwashia jenereta, acha kiuno kigeuke, na mwishoni kifundo cha mkono kifanye kama unapokung'uta kikwembe kabla ya kukianika. Kisahani kisichozunguka vizuri kinayumba na kuanguka. Kikwembe chako kifunge juu kidogo ili miguu iachane. Mwenye mtoto mgongoni ampe mwenzake kwanza. Kugeuza kiuno na mtoto mgongoni hatukubali, na hiyo ndiyo sheria pekee tuliyoiandika kwenye daftari la chama.

Jumamosi ya pili ulivuma ule upepo wa mwezi wa saba, na hapo tulijifunza zaidi. Ukitupa kuelekea upepo, kisahani kinaona kama kimetupwa kwa kasi kubwa zaidi, kinageuka kulia na kupanda. Kishushe pua, ukitupe chini chini. Upepo ukitoka nyuma, kinapoteza kuelea na kuanguka mapema upande wa kushoto. Kuna jambo jingine ambalo mdogo wangu aliniambia kwenye simu nilipomlalamikia kwamba chetu kinapinda kushoto kuliko namba zake zinavyosema. Turku iko kando ya bahari. Kamina iko juu zaidi ya mita 1,000, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya kwao kwa karibu sehemu moja ya kumi. Hewa nyepesi inakishika kisahani kidogo tu, kwa hiyo kinaanza kurudi kushoto mapema. Sasa tunalenga kulia kidogo kwa mti, na hakuna anayelalamika.

Rangi nayo ni jambo. Majani yakiwa marefu, cha kijani ungekitafuta hadi Krismasi. Chetu ni cha rangi ya machungwa. Kiangazi, moto ukishapita na uwanja ukawa mweusi, unakiona kutoka reli. Mikono inakuwa myeusi pia, na nyumbani wanadhani ulikwenda kuchoma makala.

Mchezo huu hauna miaka mingi. Kiwanja cha kwanza cha kudumu kilifunguliwa California mwaka 1975, kazi ya Ed Headrick, na mwanzoni shabaha zilikuwa nguzo tu. Yeye ndiye aliyebuni baadaye kikapu chenye minyororo ambacho leo kiko kila mahali. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa na plastiki wakatengenezwa visahani, kama alivyoomba mwenyewe. Nilipowasomea wenzangu habari hiyo, kambo mmoja aliweka kisahani chini polepole akaniuliza kama nina hakika na hiki. Wanawake pia wana majina humo: Kristin Tattar wa Estonia alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2022 na tena 2023.

Sisi hatuna minyororo. Shabaha zetu nane ni miti na vichuguu, na ya tisa ni beseni bovu lililotundikwa kwenye mupundu. Likipigwa linalia hadi mtaa wa pili.

Nimwandike mama mmoja hapa, naye amenikubalia nisimtaje jina. Anauza samaki wakavu wanaotoka Bukama. Mume wake alifariki kabla ya Pasaka, na tangu hapo alikuwa anatoka nyumbani kwenda sokoni na kurudi, basi. Presha yake ndiyo iliyokuwa ya juu kuliko zetu zote. Jumamosi ya tatu alikuja likelemba, akatufuata uwanjani, akakaa chini ya mwembe na mfuko wake. Kwenye shabaha ya nne mtu akamwekea kisahani mkononi bila kumsemesha. Alitupa. Kilikwenda moja kwa moja, kuliko chetu sote siku ile. Akainuka akakifuata, akatupa tena, na hivyo akamaliza shabaha zote zilizobaki bila kusema neno. Juma lililofuata shemeji zake walimwuliza kama ni heshima mjane kucheza mbele ya watu. Aliwajibu kwamba mwuguzi amemwambia atembee, na kwamba akianguka kwa presha, watoto wanne watakwenda kulala kwao. Hawakurudi na swali hilo. Mimi naona alijibu vizuri, ingawa najua baadhi yenu mnaosoma mtaona tofauti, na mnaweza kuandika.

Lililobaki ni la uwanja wenyewe. Mwezi wa sita vilionekana vipande vya saruji vyenye rangi nyekundu, vimesimamishwa kwa mstari kutoka njia ya mashamba. Ni mipaka ya viwanja vya kujenga. Mwembe wa kwanza uko ndani ya kiwanja cha mtu tayari, na ukuta umefika magotini. Kichuguu cha tano kimeanza kuchimbwa. Vijana wanafyatua matofali pale pale na tanuri limejengwa ubavuni mwake. Kichuguu ambacho mchwa wamekijenga muda wote huo kinaliwa kwa msimu mmoja. Siwezi kuwalaumu. Mtoto wangu wa pili anatafuta kiwanja, na matofali ya jiko langu yalitoka kwenye kichuguu. Hata hivyo tulikwenda kumwona mwenye sehemu ya nyuma, ile ya mupundu. Alitusikiliza vizuri, akatupa viti. Akasema tucheze mpaka mvua ya kwanza, baada ya hapo ataona. Tulimwuliza kama ukanda wa njia ya miguu, pamoja na mupundu na vichuguu viwili vya mwisho, unaweza kubaki bila kugawanywa, ili watoto na wamama wapate pa kupita. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Wamama watatu wamechaguliwa kurudi kwake mwisho wa mwezi, na anayejuana na familia yake aungane nao.

Jumamosi hii tunaanzia shabaha ya pili, kwa sababu ya ule ukuta. Ni saa tisa, jua likipungua. Mje na maji na viatu vinavyofunika vidole, maana majani yaliyoungua yanachoma. Beseni letu limepasuka upande mmoja na halilii kama zamani. Mwenye jingine bovu nyumbani alilete.