Rishikesh, Mji wa Njia Nne

Mto Ganga, baada ya kupita kwa kishindo katika mabonde ya Himalaya, hutulia kidogo penye mji wa Rishikesh, kaskazini ya Uhindi, kisha hushika njia ya kwenda uwandani. Wageni wengi waufikiao mji huo huja na mkeka begani, kwani kwao yoga ni kunyosha viungo tu. Watawa wakaao katika ashramu za kando ya mto hawayakatai mazoezi hayo, ila huyapa nafasi ndogo. Kwao yoga ni njia ya kumwendea Mungu, nazo hutajwa nne: karma, yaani kazi isiyodai malipo; bhakti, mapenzi na ibada; raja, kuitawala nafsi kwa kutafakari; na gyana, maarifa.

Ni ipi itangulie? Swami Sivananda, aliyezaliwa kusini ya nchi hiyo mwaka 1887, alilijibu swali hilo kwa vitendo. Alikuwa tabibu huko Malaya kwa miaka kama kumi. Alipowasili Rishikesh mwaka 1924 angeweza kujitenga na watu akatafakari, kama walivyofanya wengi. Badala yake alifungua zahanati karibu na Lakshman Jhula, akawauguza mahujaji na watawa. Jumuiya aliyoianzisha mwaka 1936, Divine Life Society, imeendelea kuwahudumia wagonjwa na wenye ukoma hata baada ya kifo chake mwaka 1963.

Alifundisha kuwa moyo usiosafishwa kwa utumishi hautulii, hata mtu akifumba macho kutwa. Lakini hakuiacha kazi isimame peke yake, maana mtumishi asiyetafakari huanza kuhesabu shukrani. Na nani asiyemjua mtumishi wa namna hiyo? Katika ashramu yake siku huanza kwa sala kabla ya mapambazuko, na katika ukumbi mmoja majina ya Mungu yameimbwa bila kukoma tangu Desemba 1943, waimbaji wakipokezana zamu usiku na mchana.

Mwenye ajira na watoto hawezi kuhamia huko. Kwa ajili ya watu wa namna hiyo pia, Sivananda alitunga daftari la maswali ya kujazwa kila siku nyumbani. Umeamka saa ngapi? Umewatumikia wengine kwa muda gani? Umekasirika mara ngapi? Umesema uongo mara ngapi? Na penye uongo huandikwa pia adhabu ambayo mtu amejipa mwenyewe.