Marko Sura ya 14 Ilinishika Pabaya

Leo sina utani mwingi. Wiki iliyopita stima ilipotea mtaani jioni, bando ikawa imeisha, na simu ilikuwa na chaji asilimia sita. Nikawasha mshumaa, nikachokora sanduku, nikapata lile Agano Jipya dogo tulilogawiwa tukiwa fom wani. Sikuwa nimelifungua tangu shule iishe. Nikachagua Injili ya Marko kwa sababu moja tu: ndiyo fupi kuliko zote nne. Sura 16 na umemaliza.

Nilidhani nitasinzia. Wapi! Marko hana muda wa kupoteza. Hakuna hori, hakuna mamajusi, hakuna orodha ya mababu. Unafungua tu na Yohana yuko nyikani anabatiza watu. Neno la Kigiriki la "mara moja" ama "papo hapo" liko kwenye hiyo injili karibu mara 40. Ni kama kupanda matatu ambayo dereva ana haraka kukushinda.

Kitu cha kwanza kilinisimamisha sura ya 6. Yesu amerudi kwao, anafundisha, watu wanashangaa, halafu wanakumbuka kazi yake. Si huyu ni yule seremala? Ikaishia hapo. Wakaudhika naye. Ukiangalia vizuri, Mathayo anasema mwana wa seremala, lakini Marko anamwita Yesu mwenyewe seremala. Mtu wa kazi ya mkono. Nikafunga kitabu kidogo, nikaangalia mshumaa. Nilijua stori hii inaelekea wapi, na sikutaka kwenda.

Wacha niwaambie kitu sijawahi ambia mtu.

Babangu anavuta mkokoteni Marikiti. Viazi, kabeji, vitunguu, chochote kinachobebeka. Hiyo ndiyo kazi imenisomesha. Mwaka jana, saa saba mchana, nilikuwa natembea Haile Selassie na mabeste watatu wa chuo. Nilikuwa nimevaa raba mpya, tunacheka. Mkokoteni ukapita karibu, umejaa magunia. Mwenye kuvuta akainua kichwa, akaniita jina langu la nyumbani. Alikuwa anatabasamu, jasho linamtiririka.

Mmoja wetu akaniuliza, "Unamjua huyo mzee?"

Nikasema, "Zii, amenifananisha tu."

Nilisema kwa sauti. Alinisikia. Tabasamu likamwisha polepole, akainamisha kichwa, akavuta. Kesho yake asubuhi M-Pesa ikalia: shilingi 500 za nauli, kama kila wiki. Hakuwahi kuitaja hiyo siku. Mimi pia sikuitaja.

Sasa mnajua kwa nini sura ya 14 ilinishika pabaya. Petro ameapa mbele ya wote kwamba hata ikiwa ni kufa, atakufa na Yesu. Usiku huohuo Yesu anakamatwa. Petro anafuata kwa umbali, anaingia uani kwa kuhani mkuu, anakaa na walinzi, anaota moto. Anayemtambua si askari mwenye silaha. Ni msichana wa kazi. Petro anakana. Anakana tena. Mara ya tatu anajilaani na kuapa kwamba hamjui huyo mtu. Jogoo anawika mara ya pili, anakumbuka alivyoambiwa, analia.

Ona vile Marko ameipanga. Ndani ya nyumba Yesu anaulizwa yeye ni nani, na anajibu ukweli huku akijua utamgharimu maisha. Nje, wakati huohuo, Petro anaulizwa na anadanganya ili tu abaki karibu na moto. Petro angalau aliogopa kifo. Mimi niliogopa nini? Kuchekwa na watu watatu. Huo ndio ulikuwa moto wangu.

Halafu kuna hii. Papia, askofu wa karne ya 2, alisema Marko alikuwa mkalimani wa Petro na aliandika mambo aliyosimulia Petro. Wasomi bado wanabishana, sawa. Lakini kama ni kweli, basi aliyetoa hiyo stori ni Petro mwenyewe. Angeweza kuificha. Kwa nini usimulie aibu yako kuu kwa watu wanaokuheshimu?

Nadhani jibu liko sura ya mwisho. Wale wanawake wanafika kaburini, wanamkuta kijana aliyevaa vazi jeupe. Anawatuma waende wawaambie wanafunzi, na pia Petro. Marko peke yake ndiye ana hayo maneno mawili ya kumtaja Petro. Fikiria uko mahali umejificha, umejiondoa kwenye orodha, halafu ujumbe unafika na jina lako limo. Mtu akishakupokea hivyo, huna cha kuficha tena. Nikakumbuka ile 500.

Jumamosi niliamka saa kumi usiku, nikashuka Marikiti. Nilimpata akifunga magunia kwa kamba. Akashangaa, akauliza kama kuna mtu mgonjwa nyumbani. Nikasema hapana. Nikashika mkokoteni kwa nyuma, tukaanza kusukuma. Hotuba niliyokuwa nimeipanga usiku mzima ilipotea yote. Nikabaki na sentensi moja.

"Baba, ile siku ulinita, nilikuwa nimekuona."

Akanyamaza hatua kadhaa. Kisha akasema bila kugeuka, "Najua. Sukuma na nguvu, hapa kuna mlima."

Basi. Hakuna aliyelia, hakuna aliyekumbatia mtu. Tulipeleka mizigo minne, na saa mbili akaninunulia chai na chapo mbili kibandani. Akamwambia mama wa kibanda, "Huyu ni kijana wangu, yuko chuo." Alisema kwa sauti, kila mtu akasikia.

Mikono yangu bado ina malengelenge nikiandika hii. Na kuna deni moja limebaki. Nyinyi watatu mliokuwa na mimi siku ile, najua huwa mnasoma hapa. Yule mzee wa mkokoteni hakunifananisha. Ni babangu.