Nyuma ya Picha ya Reli

Ruaha Mbuyuni ni mahali pa mto, barabara na mibuyu. Reli haipo. Msafiri atokaye Mikumi kwenda Iringa huona mashamba ya vitunguu yanyweshwayo kwa mifereji, huvuka Mto Ruaha Mkuu, hununua vitunguu kando ya njia, kisha huendelea na safari yake kuuelekea mlima Kitonga. Mlio wa treni hausikiki. Waliopima njia ya reli ya Tanzania na Zambia waliipitisha upande wa pili wa milima ya Udzungwa, katika bonde la Kilombero, ikapanda kutoka Mlimba mpaka Makambako; na hapo ndipo inapokutana tena na barabara kuu iliyoachana nayo pwani.

Lakini mto una habari za reli. Maji yapitayo Ruaha Mbuyuni huteremka kati ya milima mpaka bwawa la Kidatu, na yakiisha kutoka bwawani huenda kupita chini ya daraja la gari la moshi. Kwa njia ya maji, basi, kijiji na reli ni jirani, ingawa kwa njia ya macho havijuani.

Mtu mmoja aliyezaliwa katika kijiji hicho, ambaye sasa ni mwalimu wa Kiswahili katika chuo kikuu, huitumia likizo yake ya kiangazi kwa jambo ambalo jirani zake walishindwa kulielewa. Wenziwe hurudi nyumbani kujenga au kulima. Yeye hurudi kupiga picha reli. Huondoka alfajiri kwa basi, hushuka Mikumi, hushika njia ya Kidatu, na mara nyingine hufika Mang'ula chini ya milima. Jioni hurejea na vumbi kichwani na kamera kifuani, kama mwindaji aliyerudi bila nyama. Jirani humwuliza, "Mwalimu, leo umepata nini?" Naye hujibu, "Nimepata daraja." Jirani hucheka, kwa sababu daraja haliliwi.

Mapenzi ya namna hii si mageni duniani. Huko Wales, mwaka 1951, watu wa kujitolea walianza kuiendesha reli ndogo ya Talyllyn, iliyojengwa kubeba mawe ya kuezekea nyumba, ambayo ilikuwa karibu kufungwa. Wakaiokoa, na tangu hapo watu husafiri siku ya mapumziko ili kupanda magari ya kale na kuyapiga picha. Nairobi nako kuna makumbusho ya reli yaliyofunguliwa mwaka 1971. Humo imo injini ya mvuke namba 5918, iitwayo Mount Gelai, kwa jina la mlima wa Tanzania ulio karibu na Ziwa Natron. Ilikuwa moja ya injini 34 za aina yake zilizotengenezwa Manchester katika miaka ya 1955 na 1956, kila moja na uzito wa zaidi ya tani 250. Mlima umesimama Tanzania na jina lake limesimama Kenya, vyote viwili kimya.

Mwalimu alidhani kazi yake ni ya jamii hiyo: kuhifadhi sura ya kitu kizee kabla hakijaondoka. Sababu ya haraka aliiona. Mwaka 2025 yalitiwa saini mapatano na kampuni ya Kichina ya kuikarabati reli ya TAZARA. Ni habari njema. Lakini kila ukarabati huondoa kitu, na mtu atakaye kuukumbuka ukuta wa zamani hana budi kuutazama kabla ya rangi mpya. Basi akapiga picha stesheni, mataruma ya zege, ishara za njiani na vivuli vya milima juu ya vyuma. Kila mahali aliomba ruhusa kwanza, kwa kuwa katika nchi hii mtu mwenye kamera darajani hutiliwa shaka, na shaka hiyo ina historia yake. Reli hii ilijengwa wakati Zambia ilipotafuta njia ya kupitisha shaba yake bila kuzitegemea nchi zilizotawaliwa na walowezi kusini. Ujenzi ulianza mwaka 1970 kwa mkopo wa Uchina usio na riba, na reli yote, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa kwa wenyewe mwaka 1976. Jambo lililojengwa katika hali ya kuhofia adui halikosi kurithi ulinzi.

Pahali alipopapenda kuliko pote ni Kidatu. Hapo TAZARA hukutana na tawi la Reli ya Kati litokalo Kilosa kwa njia ya Mikumi. Hukutana, lakini hazishikani mikono. Nafasi kati ya vyuma viwili vya TAZARA ni milimita 1,067, kama zilivyo reli za Zambia. Ya tawi lile ni milimita 1,000, kama zilivyo reli za kale za Afrika Mashariki. Tofauti ni milimita 67, isiyofika upana wa vidole vinne vya mkono wa mkulima. Kwa ajili ya vidole hivyo behewa la njia moja haliwezi kuingia njia ya pili, na mzigo hauna budi kushushwa huku na kupakiwa kule. Mwalimu alipiga picha nyingi za vyuma hivyo vilivyokaribiana. Aliziona nzuri, na kwa kweli zilikuwa nzuri.

Nyumbani alikuwako baba yake. Mzee huyo aliondoka Ruaha Mbuyuni mwaka 1971, kijana wa miaka ishirini, akaenda Kilombero kuandikwa kazi ya reli. Alichimba, akabeba udongo, akapanga kokoto, akajifunza maneno machache ya Kichina ambayo mpaka leo huyatumia kuwafukuza mbuzi. Alirudi na mshahara wake, blanketi moja na maumivu ya mgongo. Picha hakurudi nayo. Waliopigwa picha siku zile walikuwa wakubwa waliokata utepe na wageni waliokuja kutazama. Mbeba udongo hakuwa na kamera, wala hakuna aliyemgeuzia yake.

Sasa macho ya mzee yamefifia. Huona umbo la kitu kikubwa, asione uso wa mtu. Jioni moja mwalimu alimketisha mlangoni mwenye mwanga, akamwekea picha mapajani moja baada ya moja.

"Hii ni nini?" mzee aliuliza.

"Ni daraja karibu na Kidatu, Baba."

"Nani yuko juu yake?"

"Hakuna mtu. Nilingoja wapite kwanza, ndipo nikapiga."

Mzee aliipapasa karatasi kwa kidole gumba, kana kwamba alitafuta kitu kilichoanguka. "Uliwangoja wapite," akasema. "Sisi tulipokuwa pale, mwanangu, daraja ndilo lilikuwa halionekani kwa wingi wa watu."

Mzee hakusema kwa hasira. Akaomba maji, akanywa, akaenda kulala. Lakini mwalimu alikaa mlangoni mpaka taa za magari ya mizigo zikawa chache barabarani. Alizirudia picha zote za miaka mitatu. Stesheni zilikuwa tupu, na majukwaa yalikuwa tupu. Alikuwa amengoja kwa subira kubwa, saa nzima mara nyingine, ili mwenye kikapu aondoke, mtoto aondoke, fundi mwenye nyundo aondoke, chuma kibaki peke yake. Aliyafanya kwa ajili ya uzuri yale ambayo wengine, zamani, waliyafanya kwa dharau. Na matokeo yalikuwa mamoja.

Yako mambo ya kujifunza hapa kwa kila apendaye vitu vya kale. Reli iliyokufa huweza kupigwa picha peke yake, maana wenyewe wamekwisha kwenda. Reli iliyo hai ikipigwa hivyo husingiziwa kifo. Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake cha mwaka 2009 juu ya reli hii, alichunguza hata stakabadhi za vifurushi zilizowekwa katika stesheni, na kwa karatasi hizo akaonyesha jinsi wakulima na wachuuzi wadogo walivyoifanya njia ya shaba kuwa njia ya mpunga, ndizi na mahindi. Karatasi ya kifurushi haina uzuri wa kutundikwa ukutani, lakini ina jina la mwenye mzigo.

Kiangazi kilichofuata mwalimu alikwenda tena Mang'ula. Safari hii hakungoja watu wapite. Picha zilimharibikia nyingi: huyu aligeuka, yule aliinua mkono, mchukuzi mmoja alikataa kabisa, naye akaheshimu kukataa kwake. Mama mmoja muuza ndizi alikubali, ila kwa sharti.

"Shikamoo, mama. Naomba nikupige picha."

"Marahaba. Utaniletea?"

"Nitakuletea."

"Wengi wamesema hivyo. Usiponiletea, umeniibia."

Baada ya wiki tatu alimpelekea. Nauli ya kwenda na kurudi ilizidi mara nyingi bei ya karatasi ile, lakini ilikuwa deni, na deni halipimwi kwa ukubwa wake.

Kisha akarudi mlangoni kwa baba yake na ile picha ya kwanza ya daraja, tupu kama ilivyokuwa. Akaigeuza, akashika kalamu ya risasi, akasema, "Baba, nitajie waliokuwako."

Mzee alinyamaza kitambo. Akaanza kutaja, polepole, kila jina na kwao alikotoka mwenyewe: Ifakara, Mahenge, Kilosa, Iringa. Wawili alisema walikufa kwa homa kabla kazi haijaisha. Mmoja alimfundisha kusoma usiku kambini. Mwalimu aliandika herufi ndogo ili nafasi itoshe. Majina yalifika kumi na moja. La kumi na mbili halikuja. Mzee alikumbuka tu kwamba mtu huyo alitoka Njombe, na kwamba alikuwa akiimba kwa sauti nzito wapandishapo vyuma.

Mwalimu akaandika hivyo hivyo: "Wa Njombe, mwimbaji." Akaacha mstari mmoja mtupu mbele yake, huenda jina likarudi.