Barua kutoka Ughaibuni: Kulazwa Bila Msemaji

Barua hii inatoka Uingereza na inahusu hali ya Mswahili anayelazwa hospitalini mbali na ukoo wake. Inadai kwamba kinachomwelemea zaidi mgonjwa wa namna hiyo si gharama wala ugeni wa tiba, bali ni kukosa mtu wa kumsemea.

Suala la gharama halihitaji maneno mengi. Huduma ya Taifa ya Afya, yaani mfumo wa tiba unaogharimiwa kwa kodi na uliozinduliwa tarehe 5 Julai 1948, haimtozi mkaazi halali malipo ya kitanda, upasuaji wala dawa anazopewa wodini, ingawa wahamiaji wengi huwa wameshalipa tozo ya afya, ambayo ni ada inayoambatana na maombi ya viza na ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na pauni 776 kwa mwanafunzi. Mwenye sababu ya kuhofia gharama ni mzazi aliyekuja kumtembelea mwanawe, kwa sababu kitengo cha dharura humhudumia bure, lakini akishapelekwa wodini huenda akadaiwa asilimia 150 ya bei ambayo mfumo wenyewe umeikadiria kwa tiba hiyo. Bima ya safari, kwa hiyo, ikatwe pamoja na tiketi.

Wodini, kazi ambazo Dar es Salaam au Mombasa hufanywa na ndugu, kama kumwogesha mgonjwa, kumgeuza kitandani, kumletea uji na kukimbilia dawa dukani, hufanywa zote na wahudumu wa hospitali, na si ajabu miongoni mwao akatokea muuguzi wa Kikenya anayemwamkia mgonjwa kwa Kiswahili, kwani mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuajiri wauguzi. Chakula huchaguliwa kwenye orodha, na cha halali hupatikana kwa kuagizwa. Kuhusu ladha yake, adabu inataka kunyamaza. Hata hivyo, ndugu anayekaa kando ya kitanda nyumbani hafanyi kazi za mikono tu, kwa maana yeye ndiye anayekumbuka homa ilianza lini, anayemfuata daktari ukumbini, na anayeona kwamba mgonjwa leo hajanena kama jana, na kazi hiyo ya pili haina mfanyakazi aliyeajiriwa kuifanya.

Pengo hilo huonekana mapema, pale mgonjwa anapotakiwa kuyapima maumivu yake kwa namba kuanzia sifuri hadi kumi. Mzee aliyelelewa kutolalamika mbele ya mgeni hutaja tatu huku jasho likimtoka, na muuguzi, ambaye hana sababu ya kumshuku, huandika tatu na kumpa dawa inayolingana na tatu. Mkalimani anapohitajika hutafutwa na hospitali bila malipo, mara nyingi kwa njia ya simu, na watoto hawatarajiwi kuifanya kazi hiyo, jambo ambalo ni la busara, ila mkalimani hutafsiri kilichosemwa na hawezi kutafsiri kilichofichwa.

Jambo linalowashangaza wengi zaidi ni la kisheria. Fomu ya kulazwa huuliza jina la ndugu wa karibu, na familia hudhani kwamba aliyeandikwa hapo, awe kaka au mjomba, amepewa mamlaka ya kuamua. Kwa England na Wales sivyo: chini ya Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya mwaka 2005, mtu mzima asiyeweza kujiamulia huamuliwa na matabibu kwa kuzingatia manufaa yake, wakiwasikiliza ndugu bila kufungwa na kauli yao, isipokuwa mgonjwa mwenyewe, akiwa bado timamu, alimteua mtu kwa hati ya uwakilishi wa kudumu, ambayo ni waraka unaosajiliwa serikalini na unaompa mteuliwa haki ya kuamua kwa niaba yake. Kikao cha ukoo kinachofanyika Tanga kwa simu hakina nafasi katika utaratibu huo, na ni afadhali ukoo ulijue hilo kabla ya siku ya shida.

Kuruhusiwa nako kuna masharti yake. Aliyefanyiwa upasuaji mdogo kwa dawa ya usingizi na kutakiwa kuondoka siku hiyohiyo kwa kawaida huambiwa awe na mtu mzima wa kumchukua na kukaa naye kwa saa 24, sharti ambalo kwa anayepanga chumba peke yake, na ambaye marafiki zake wote wako zamu, ni gumu kuliko upasuaji wenyewe. Hapo ndipo kikundi cha kufa na kuzikana, ambacho ughaibuni hukumbukwa hasa wakati wa msiba, kingefaa kujipangia zamu za wagonjwa pia.

Walioko nyumbani nao wana sehemu yao. Wodi haitoi habari za mgonjwa kwa kila anayepiga simu, kwa kuwa siri ya mgonjwa inalindwa, na baadhi ya wodi hutaka mpigaji ataje neno la siri lililokubaliwa na mgonjwa. Familia na imchague mtu mmoja wa kupiga simu, apewe neno hilo, apige baada ya raundi ya madaktari ya asubuhi, kisha yeye ndiye awaarifu wengine.