Barua kwa Binti wa Kaka Yangu Juu ya Mawaa ya Nguo

Idete, Kilombero

Mwanangu mpenzi,

Napenda kulijibu swali lililomo katika barua yako, nalo ni kwa nini gauni lako jeupe la uuguzi, ulilolitumbukiza katika maji ya moto mara tu ulipotoka zamu, limebaki na waa la hudhurungi ambalo sabuni haikuliweza wala jiki haikulimaliza. Umeniomba nikutajie dawa ya mawaa. Dawa moja ya mawaa yote haipo. Kila waa lina asili yake, na asili hiyo ndiyo inayoamua kama litatoka kwa maji baridi, kwa moto, kwa ndimu, kwa mafuta au kwa jua. Na mfuaji anayeiloweka nguo kabla ya kujua ni kitu gani kilichoingia humo, aghalabu hulitia waa nguvu kwa mikono yake mwenyewe.

Nianze na damu, maana hiyo ndiyo itakayokuandama katika kazi uliyoichagua huko Ifakara. Damu ina protini, na protini ikipata moto huganda, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe na mgumu kikaangoni. Ikisha ganda ndani ya nyuzi za pamba, kuing'oa ni taabu kubwa. Siku nyingine vaa glavu, kwa kuwa damu hiyo ni ya wagonjwa, uligeuze gauni ndani nje, na uyapitishe maji baridi nyuma ya waa ili damu isukumwe kule kule ilikoingilia. Kisha uliloweke katika maji baridi yenye chumvi, na ikiwa damu imekwisha kauka, uliache usiku kucha, ndipo upake sabuni ya mche na kufikicha taratibu. Unga wa sabuni wenye vimeng'enya hufaa sana hapa, kwa sababu vimeng'enya huivunjavunja protini, walakini navyo huharibiwa na maji ya moto mno, basi yawe ya uvuguvugu tu. Maziwa, mayai na matapishi ya watoto yafanyie vivyo hivyo. Hilo gauni ulilokwisha liunguza lirudie kwa loweko refu la unga huo kabla hujakata tamaa.

Walakini waa linalotutesa zaidi sisi watu wa bonde hili ni utomvu wa mgomba. Hila yake ni kwamba hauonekani unapodondoka: mtu hukata mkungu, akautia begani, akarudi nyumbani akiwa na shati ambalo machoni pake halina dosari, na kesho yake, utomvu ukisha pigwa na hewa, anaona michirizi ya hudhurungi inayoelekea weusi, nayo kila siku yazidi kukolea. Ndani ya utomvu huo mna tanini, jamii ya vitu vile vile vinavyoipa chai nguvu ya kutia kikombe rangi, na tanini ikisha shikana na pamba huwa imekwisha kuwa rangi ya kitambaa. Kwa hiyo saa ya kuushughulikia utomvu ni ile ile unapodondoka, ungali maji: osha kwa maji mengi na sabuni pale pale shambani ukiweza. Ukiwa umekwisha geuka, nguo nyeupe ikamulie ndimu, uinyunyizie chumvi, uianike juani na kuirudia siku kadhaa. Waa litafifia, pengine lisitoke kabisa. Hukumu yangu ni kwamba shati lenye utomvu wa zamani lifanywe la shamba, na mtu asiende kukata mkungu akiwa amevaa nguo anayoithamini.

Tope jeusi la majaruba ni jambo jepesi, ila watu huliharibu kwa haraka. Liache likauke, ulipanguse kwa brashi, ndipo utie maji baridi. Ukilifikicha likiwa bichi, walisukumia ndani. Udongo mwekundu una kutu ya chuma, nao ukibakiza wekundu baada ya kufuliwa, uutie ndimu na chumvi, kisha usuuze.

Na hapo kwenye kutu ndipo jiki inapowadanganya wengi. Kuna maji ya visima yanayotoka maangavu, yakikaa katika ndoo yakageuka manjano, kwa sababu yana chuma ndani yake. Mtu akiyatia jiki, chuma hicho hugeuka kutu upesi zaidi na kuishia katika shuka, naye akiona madoa humwaga jiki nyingine, na madoa yakaongezeka. Kadhalika manjano ya jasho kwapani: jiki huyazidisha, ilhali siki iliyozimuliwa kwa maji huyalegeza. Sisemi jiki haina kazi. Mfaransa Berthollet, aliyewaonyesha watu wa karne ya 18 kwamba klorini, ambayo ndiyo asili ya nguvu ya jiki, hung'arisha kitambaa, aliwaondolea wafumaji wa Ulaya adha ya kutandaza vitambaa majanini kwa wiki na miezi ili vipigwe na jua na umande. Lakini iwe ya mwisho kushikwa, kwa nguo nyeupe ya pamba pekee, na izimuliwe kwa maji, maana ikiwa kali hula nyuzi.

Ama mafuta, yaondoe kwa kunyunyiza unga wa muhogo au chaki uyanywe kwanza, kisha paka sabuni ungali hujatia maji, na hapa ndipo maji ya moto yanapofaa, kwa kadiri kitambaa kinavyostahimili. Mawese na bizari ya manjano zikibakiza rangi, jua la siku chache huimaliza, nawe usishtuke bizari ikigeuka nyekundu inapokutana na sabuni, kwani ndivyo ilivyo tabia yake. Grisi ya pawatila hulegezwa kwa mafuta ya taa kidogo, mbali na moto. Wino wa kalamu hutoka kwa spiriti, ukiweka kitambaa kikavu chini yake.

Limebaki lile la masika. Bonde letu likijaa maji na nguo zisikauke, watu huzikunja zingali na unyevu na kuzifungia sandukuni, na zikitolewa huwa zimeingia kawa. Kawa ni kuvu, kitu chenye uhai, nacho hula pamba. Yakungute madoa nje ya nyumba, uianike nguo juani, uiloweke katika siki, na ikiwa nyeupe uitie jiki siku nyingine, ikisha suuzwa barabara. Kawa nyeusi ya miezi mingi haitoki, basi nguo isikunjwe mpaka hata pindo na mifuko iwe mikavu. Piga pasi nguo zilizokaukia kwenye majani au kivulini, pande zote mbili, kwani inzi wa maembe hutaga mayai katika nguo zenye unyevu na funza wake huingia mwilini. Lakini usipitishe pasi juu ya waa lolote ambalo halijatoka.

Mwanangu, katika haya yote liko moja nisiloliachia hiari yako. Jiki isikutane kamwe na ndimu wala siki katika beseni moja, kwa sababu hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyowaua askari huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915, nayo huharibu mapafu katika chumba kidogo kama ulichopanga. Wala usiiweke jiki au mafuta ya taa katika chupa ya soda, ukizingatia watoto wa mwenye nyumba wanavyoingia na kutoka humo ndani. Tafuta chupa nyingine leo hii, uiandike, uiweke juu wasikofikia.

Wasalaam,
Shangazi yako