Nilivyomuua Sorceress wetu kwa baiti chache

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi imenibana kooni. Lakini majuzi mwenzangu ofisini, ambaye jioni hujaribu kuunda gemu yake mwenyewe, aliniuliza: mtu akishamaliza gemu, utamfanyaje aianze tena? Nikamjibu bila kufikiri, "Ongeza ugumu." Usiku sikupata usingizi vizuri, maana jibu lile lilikuwa la ovyo. Mimi niliwahi kuuondoa ugumu wote kwenye gemu moja, na niliona kilichofuata.

Gemu yenyewe ni Diablo II, iliyotoka mwaka wa 2000, pamoja na nyongeza yake ya Lord of Destruction ya 2001. Kama hukuwahi kuicheza, ni hivi: unachagua mhusika, unapita sehemu 5 za hadithi ukiua mashetani, na mwisho unamuua Baal. Kisha unarudishwa mwanzo na mhusika yuleyule, lakini kwenye ngazi nyingine ya ugumu. Ngazi ni 3: Normal, Nightmare na Hell. Hadithi moja, mara tatu.

Mwaka wa 2012 nilikuwa kidato cha pili. Binamu yangu alikuja kwetu likizo ya Aprili na nakala iliyokwisha kupita kwenye mikono ya watu wengi, tukaiweka kwenye kompyuta ya baba. Tukamchagua Sorceress, yule mchawi wa kike, na tukakubaliana atakuwa wa moto peke yake. Kila kiwango kipya hukupa alama 1 ya ustadi, na kazi fulani za hadithi huongeza alama 4 katika kila ngazi. Kila alama tuliitia kwenye Fire Ball, Fire Bolt na Meteor. Tulipeana zamu ya nusu saa kwa saa ya ukutani, na stima zikipotea tulikaa gizani tukibishana kuhusu alama ijayo. Normal tuliipita tukicheka. Nightmare ilituchukua likizo yote ya Agosti, na humo ndimo binamu alipookota pete kutoka kwa Mephisto. Haikuwa pete ya ajabu, iliongeza kinga dhidi ya radi na uhai kidogo, lakini aliipata wakati wa zamu yake na hakuacha kuitaja.

Halafu Hell.

Ukiingia Hell, gemu inakupunguzia alama 100 za kinga dhidi ya moto, baridi, radi na sumu. Kinga ya kawaida huishia 75, kwa hiyo ili uifikie unahitaji jumla ya 175 kutoka kwa mavazi na vitu vingine. Hiyo ungeweza kuivumilia. Kilichotumaliza ni kwamba huko kuna viumbe ambao moto hauwagusi kabisa. Si kwamba unawaumiza kidogo. Hauwaumizi hata chembe. Sisi tulikuwa na alama zaidi ya 70, zote moto. Ukifa, unapoteza asilimia 10 ya uzoefu unaohitajika kwa kiwango ulichomo. Tulikufa mpaka binamu akarudi kwao, akaniambia, "Usimguse, tutapata njia Desemba."

Sikungoja Desemba.

Diablo II huhifadhi mhusika kwenye faili inayoishia na .d2s. Nilienda saiba, nikapakua programu ya kuonyesha baiti, nikabadilisha namba moja iliyofanana na dhahabu yetu. Gemu ikaikataa faili. Leo najua kwa nini: kuanzia baiti ya 12 kuna baiti 4 za ukaguzi. Gemu huzichukulia kuwa sifuri, halafu hupita faili nzima baiti kwa baiti, ikizungusha jumla biti 1 kushoto kisha kuongeza baiti inayofuata. Jumla isipolingana na iliyoandikwa, umenaswa. (Nilikuja kuandika hesabu hiyo mwenyewe chuoni kwa mistari michache tu, na nikakasirika jinsi ilivyokuwa rahisi.) Wakati ule nilirudi saiba nikatafuta programu iliyofanya kazi yote kwa niaba yangu. Kiwango 99. Ustadi wote 20. Vifaa ambavyo watu huvitafuta miaka. Mkoba ulikuwa umejaa, kwa hiyo nilitupa takataka za zamani chini na kufunga gemu.

Hell yote ilikwisha kwa jioni mbili. Baal akaanguka kama mbuzi. Nikaenda kutazama runinga.

Desemba binamu alikuja, akawasha kompyuta kabla hata ya kunywa chai. Alitazama ile 99 kwa muda, akafungua mkoba. "Pete yetu iko wapi?"

"Niliitupa. Haikuwa na kazi tena."

Alinyamaza. Kisha akasema twende uwanjani tukacheze mpira, na hatukuifungua Diablo likizo hiyo yote. Nilijaribu peke yangu kuanza mwingine, lakini kila Fire Bolt ilinikumbusha kwamba ninaweza kuiandika tu kwenye faili.

Sasa nirudi kwa swali la mwenzangu. Kuna ugumu ambao ni saa tu. Diablo II yenyewe inao: kufika kiwango cha 99 kwa haki kunahitaji alama 3,520,485,254 za uzoefu, na katika hizo 291,058,498 ni za hatua ya mwisho peke yake, huku gemu ikikupa sehemu ndogo sana ya kile unachoua. Unamuua Baal yuleyule kwenye ukumbi uleule. Hakuna jambo jipya unaloamua. Oblivion ya 2006 ilikosea kwa upande wa pili, kwa maoni yangu: maadui walipanda kadiri ulivyopanda, mpaka majambazi wa barabarani wakakuibukia wamevaa mavazi ya bei kuliko ya mfalme. Ukikua au usikue, mambo ni yaleyale.

Ukuta wa Hell ni tofauti. Ulitugeuza nyuma, ukatuuliza kuhusu uamuzi tuliofanya Aprili. Na njia ilikuwepo! Tungeweza kumkodi askari wa mkuki wa sehemu ya pili, tukamvika vizuri, awaue wale wasioungua. Tungeweza kuanza Sorceress wa pili, wa moto na baridi, tukiijua kila kona. Hiyo ndiyo sababu ya kurudia ambayo nilikuwa nayo mkononi nikaiuza kwa jioni mbili.

Siwatetei waundaji kwa kila kitu. Kumwacha mtu apite ngazi mbili nzima ndipo ajue amepotea ni ukatili. Toleo la 1.13 la mwaka wa 2010 lilikuruhusu kurudishiwa alama zako zote ukimaliza kazi ya kwanza, mara moja katika kila ngazi. Nakala yetu ilikuwa ya zamani kuliko hapo, na kompyuta ya baba haikuwa na intaneti. Yaani dawa ilikuwa imekwisha kutolewa miaka miwili kabla, sisi hatukujua.

Diablo II: Resurrected ilitoka 2021. Binamu sasa anafanya kazi Doha, na mwaka jana alinitumia ujumbe wa neno moja: "Moto?" Tumeanza wawili, kila mmoja na mhusika wake, Ijumaa usiku akiwa hana zamu. Tuko Nightmare. Safari hii faili ziko kwenye seva yao huko mbali, na yeye ameniambia hilo ndilo sharti la kwanza lililomfanya akubali. Mephisto tulimuua wiki jana. Ilianguka pete moja, mbovu kabisa. Ameiweka.