Jani Halidondoki Hivi Hivi

Kuna kadi moja ya harusi niliyoibeba kutoka Dar es Salaam hadi Uingereza, nimeichomeka katikati ya masweta na paketi za majani ya chai. Ilikuwa kadi yangu mwenyewe. Jina langu, jina lake, ukumbi, na tarehe ya mwezi Agosti 2014. Tulichapisha 300. Wiki sita kabla ya siku yenyewe, mchumba wangu alikuja nyumbani, akakaa kwenye kiti kile kile alichokalia siku ya posa, akasema hataweza. Hakukuwa na mwanamke mwingine wala ugomvi. Hataweza, basi.

Wazee wakakaa, mahari ikarudishwa. Septemba nikaondoka zangu kwenda Leicester kusoma shahada ya uzamili. Nafasi nilikuwa nimeipata mapema, na mipango ilikuwa niende nikiwa mke wa mtu. Uwanja wa ndege kila aliyenisindikiza alinipa dawa ile ile: “Achilia tu, dada. Sahau.” Kana kwamba kuachilia ni kufumbua kiganja.

Nilifika majira yanageuka. Kamusi zetu huyaita majira hayo vuli, lakini kwa sisi tuliokulia Pwani vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba, wakati ambao kila kitu kinachipua. Kule ni kinyume. Miti ya Victoria Park, bustani kubwa iliyo jirani na chuo, ilianza kuwa ya njano, ikaingia rangi ya kutu, halafu kila asubuhi nikawa nakanyaga majani njia nzima. Jumapili ya tarehe 26 Oktoba saa zikarudishwa nyuma, saa nane ya usiku ikawa saa saba. Tofauti ya saa mbili kati yangu na nyumbani ikawa tatu. Kufika Novemba, saa kumi na moja ya jioni giza limeshatanda. Kwa mtu mwenye msiba wa moyo, giza la saa kumi na moja si mchezo.

Jirani yangu wa hosteli alikuwa anasomea mambo ya mimea. Siku moja tukipita bustanini nikamwambia naionea huruma hii miti, inanyang'anywa kila kitu. Akacheka. Akaniambia mti haunyang'anywi, unafanya kazi. Siku zinapofupika, unaivunjavunja ile rangi ya kijani na kurudisha ndani virutubisho vyake, hasa naitrojeni, unaviweka akiba. Ile njano tunayoipiga picha ilikuwemo kwenye jani siku zote, kijani ndicho kilichoifunika. Kisha pale kikonyo kinapoungana na tawi, mti unajijengea tabaka la kuziba jeraha. Upepo unakuja kumalizia tu. Akanisogeza karibu, akanionyesha juu kidogo ya kovu la jani lililoanguka: tumba la mwaka unaofuata lilikuwa limeshakaa tayari.

Halafu akanionyesha tawi lililovunjika wakati wa kiangazi, bado linaning'inia. Majani yake yalikuwa makavu kabisa, yamejikunja, lakini yalikuwa yameng'ang'ania pale pale. “Hili lilikufa kabla ya kuifanya ile kazi,” akasema. “Tawi lililokufa haliwezi kuachia.”

Nilirudi chumbani, nikaitazama ile kadi niliyoiegemeza kwenye taa ya mezani. Jamani, lile tawi lilikuwa mimi.

Mtu wa pili kunifungua macho nilimkuta dukani. Leicester wanaishi Waasia wengi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, wakapewa siku 90 tu za kufungasha. Kwa hiyo ukienda Belgrave Road kutafuta unga na dengu, usishangae ukisalimiwa kwa Kiswahili. Mama mmoja mwenye duka alinisikia nikiongea na simu. “Wewe natoka wapi?” Nikamwambia Dar. Tangu siku hiyo nikawa mteja wake. Jioni moja nikamuuliza zile siku 90 zilikuwaje. Nilitegemea machozi. Yeye akanieleza habari ya madeni.

“Baba yangu nazunguka na daftari,” alisema. “Nalipa muuza maziwa. Nalipa fundi cherehani. Mama napiga kelele, wewe wazimu, sisi nafukuzwa! Baba nasema, mimi nataka lala usingizi huko naenda.”

Daftari. Nami nilikuwa nalo. Lilikuwa na majina 38 ya ndugu na marafiki waliochangia harusi yangu, huyu shilingi 50,000, yule 100,000. Sehemu ya fedha zile ilishalipwa ukumbini na hairudi. Tangu harusi ivunjike nilikuwa nawakwepa wote. Simu zao sipokei, salamu zao sijibu. Nilikuwa najiambia nina maumivu ya mapenzi, kumbe nusu ya maumivu yale ilikuwa aibu.

Usiku ule nilianza kuandika ujumbe, mmoja mmoja, si ule wa kutuma kwa mkupuo. Nikaomba radhi kwa ukimya, nikaahidi kulipa kidogo kidogo. Wengi walikataa katakata, wengine wakanitukana kwa upendo. Watu 11 walikubali kulipwa na sikuwalaumu. Nilimaliza deni la mwisho mwezi Juni.

Kisha likaja gumu zaidi, kurudisha cha kwangu. Kwa hasira nilikuwa nimeifuta miaka minne yote, na ndani yake nikafuta hata vitu vyema. Nikakiri, kwa mara ya kwanza, kwamba aliyekesha nami nikijaza fomu za chuo kile alikuwa yeye. Na nikampigia simu mama yake, mama aliyenifundisha kupika mchuzi wa papa na ambaye sikuwa nimempa hata kwaheri.

“Shikamoo mama.”

Kimya kirefu. “Marahaba mwanangu. Nilidhani umenikata na mimi.”

Tulilia sote wawili, halafu akaniuliza huko baridi nakula nini.

Ile kadi? Sikuichoma wala sikuichana. Asubuhi moja mwanzoni mwa Desemba nilikuwa napeleka magazeti ya zamani kwenye pipa la karatasi nje ya hosteli, nikaiweka pamoja nayo. Nilishangaa jinsi haikuuma. Nikawahi darasani.

Sasa hivi nina mume na mtoto mmoja, na uani kwetu Dar kuna mkungu. Nao una tabia zile zile: majani yake hugeuka mekundu kabla ya kudondoka, na mume wangu hulalamika kila anaposhika ufagio. Mama yule wa mchuzi wa papa alikuja harusini kwangu, akakaa meza ya ndugu. Kuna waliong'aka. Mimi nilijua amekaa mahali pake.

Kwa hiyo, msomaji wangu, safari nyingine rafiki akikulilia kwa sababu ya mtu aliyeondoka, usikimbilie kumwambia asahau. Kaa naye, mtengenezee chai, umuulize mambo mawili: kuna nini huko nyuma ambacho bado ni cha kwako? Na kuna nani unayedaiwa naye? Akishamaliza hayo mawili, mengine mwachie upepo.